Nafasi zilikuwa chache, tukaambiwa ni akili

Mambo yakienda kama yalivyopangwa, Januari 2028 watoto wa madarasa mawili wataingia kidato cha kwanza kwa mpigo: wa darasa la saba la mwisho na wa darasa la sita la kwanza. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imefanya elimu ya lazima kuwa ya miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari, na mtihani wa darasa la saba uliowaliza wazazi wa nchi hii vizazi kwa vizazi unafikia tamati. Nimefundisha sekondari hapa Arusha tangu ujana wangu, na habari hiyo niliipokea kwa furaha isiyo na kificho.

Ila mtaala mpya umegawa sekondari katika mikondo miwili, wa elimu ya jumla na wa amali, yaani ufundi na stadi za kazi, na tayari wazazi wanaulizana mtoto gani aende wapi. Hivi karibuni nilikaa katika kikao cha wazazi upande wa Sakina, nimekwenda kwa ajili ya mtoto wa marehemu dada yangu ninayemlea. Mwalimu mmoja, kwa nia njema kabisa, akatufafanulia kwamba wenye akili wataendelea na jumla, na hawa wengine watafaa amali. Wazazi wakaitikia kwa vichwa. Baba mmoja aliyekaa jirani yangu, fundi wa kuchomelea vyuma anayelisha nyumba yake kwa kazi hiyo, alitazama chini. Niliponyoosha mkono kuuliza akili hizo zimepimwa kwa kitu gani, nilijibiwa kwa upole kwamba matokeo ya darasa la nne yapo, na majaribio ya kila mwezi yapo.

Maneno yale nimeishi nayo toka utoto. Usiku ule sikulala mapema. Nilikuwa narudi nyuma, darasa moja baada ya jingine.

Nilizaliwa Poli, kwenye migomba na kahawa, chini ya Mlima Meru. Nilisoma shule ya msingi katika miaka ya UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulioazimiwa Musoma mwaka 1974 na kutekelezwa nchi nzima kuanzia 1977. Watoto tulijazana madarasani, wengine tumekaa chini, na hilo lilikuwa jambo kubwa na la heshima, kwa kuwa wazazi wetu wengi hawakuipata hata hiyo sakafu. Lakini sekondari hazikuongezeka kwa kasi ileile. Nilipofika darasa la saba, katikati ya miaka ya 1980, shule nzima ilijua kwamba watakaochaguliwa watahesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Darasani kwetu alikuwepo kijana aliyelelewa na bibi yake. Siku za kuuza kahawa alikuwa akisimama kando ya mizani ya chama cha msingi, mikono nyuma, anasikiliza. Karani akitaja uzito, kijana alikuwa ameshatoa uzito wa gunia lenyewe, ameshazidisha kwa bei ya kilo, ameshakata ushuru wa chama na deni la mrututu uliochukuliwa kwa mkopo wakati wa kupulizia, yote kichwani, kabla karani hajafika katikati ya karatasi yake. Wazee walimjua. Hawakupokea fedha mpaka wamwite.

"Mjukuu wangu, hebu niangalizie hapa."

Naye alikuwa akimgeukia karani kwa adabu: "Shikamoo mjomba. Naona babu bado anadai kidogo."

Karani anarudia hesabu, anakuna kichwa, anaongeza noti. Nimeliona hilo kwa macho yangu, na si mara moja.

Msimu wa kuchuma kahawa haukumruhusu kijana huyo kufika shule kila siku. Bibi alikuwa na miguu mibovu na kahawa ikishaiva haisubiri. Mtihani ulikuwa na karatasi tatu: Lugha, Hisabati na Maarifa. Hisabati naamini aliitendea haki. Lugha na Maarifa zilimtaka mtu aliyekaa darasani mwaka mzima akanakili ubao. Majina yalipoletwa shuleni, langu lilikuwemo, lake halikuwemo. Mwanzoni watu walisema hana bahati. Baadaye wakasema hana akili za shule. Nilipokutana naye likizo moja, nikiwa nimeshavaa sare ya sekondari, naye alilisema hilo mwenyewe, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja kabila lake.

Jinsi majina yale yalivyopatikana nilikuja kujua nikiwa mtu mzima. Nafasi za sekondari za serikali ziligawanywa kwa mikoa na wilaya, na wavulana na wasichana walipangiwa nafasi zao. Kwa hiyo alama zilizompeleka mtoto mmoja sekondari zilimrudisha mwenzake shambani katika wilaya nyingine. Siulaumu mgawo ule. Bila huo, maeneo yaliyotangulia kupata misheni na shule, kama majirani zetu wa Kilimanjaro, yangechukua viti vingi mno, na wasichana wa vijijini kama mimi tungebaki nyumbani. Ninachosema ni kwamba akili ya mtoto haibadiliki kwa kuvuka kutoka Meru kwenda Hai. Kilichobadilika ni hesabu ya viti na watu wanaovigombea. Mwalimu Nyerere alikuwa amelisema hilo wazi katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967: wakati huo ni takriban asilimia 13 tu ya wanaomaliza shule ya msingi waliokuwa na nafasi ya sekondari, na bado shule ziliendeshwa kana kwamba kazi yake ni kuandaa hao wachache, huku walio wengi wakiondoka wanajiona wameshindwa. Aliwaonea uchungu wale walio wengi. Miaka karibu 20 baadaye, kijijini kwetu, bado tulikuwa tunawaambia kwamba tatizo ni vichwa vyao.

Baba yangu mdogo alinisimulia ya wakati wake, miaka ya 1950. Mchujo wa kwanza ulikuwa darasa la nne. Waliovuka walikwenda shule za kati, darasa la tano hadi la nane, na huko nako walisubiriwa na mchujo mwingine. Yeye aliishia la nne. Akiwa kijana alifanya kazi ya kupeleka maziwa mjini, na njia yake ilipita karibu na Arusha School, iliyofunguliwa mwaka 1934 kwa ajili ya watoto wa Kizungu. Alizoea kuwaona wakicheza kwenye majani, wamevaa soksi ndefu. Wazungu walikuwa na shule zao, Wahindi zao, Waafrika zetu, kila kundi na bajeti yake, na bajeti hizo hazikufanana hata kidogo. Hata Tabora, shule iliyomlea Mwalimu Nyerere, ilianzishwa katika miaka ya 1920 kwa lengo la kufundisha watoto wa machifu. Mtoto alikuwa ameshapangwa kabla hajashika kalamu. Mtihani ulikuja baadaye kuwachuja wale waliobaki kwenye mlango mwembamba kuliko yote. Baba mdogo hakuwahi kusema alionewa. Alisema tu, "Sisi tulikuwa hatuna vichwa vya kwenda mbele." Mtu huyo alijua kusoma hali ya hewa ya Meru kwa kutazama mawingu yanavyokaa juu ya mlima, na alifuga ng'ombe wa maziwa bila hasara hadi uzee wake.

Sekondari nilikwenda ya bweni. Shule nyingi za serikali wakati ule zilikuwa na michepuo, kilimo, biashara, ufundi, sayansikimu, na ya kwetu ilikuwa ya kilimo. Wiki za mwanzo tukapewa jaribio la kutupanga katika mikondo, A mpaka D. Jaribio lilikuwa la Kiingereza, kwa sababu sekondari ni Kiingereza, ilhali sisi tuliotoka vijijini tulikuwa tumesoma kila kitu kwa Kiswahili miaka saba, Kiingereza kikiwa somo moja tu, tena la mwalimu ambaye naye alikuwa akikitafuta.

Swali moja silisahau. Lilihusu kuota kwa mbegu. Nimekulia kwenye kitalu cha kahawa. Niliijua mbegu ya kahawa inavyojikunja chini ya mchanga, inavyonyanyua shingo, inavyosimama wima na ganda lake bado kichwani, na siku majani mawili ya kwanza ya mviringo yanapolisukuma ganda likaanguka. Nilijua ukimwagilia kupita kiasi shingo inaoza. Yote hayo yalikuwa ndani yangu na karatasi ilikuwa mbele yangu, nami sikuelewa ninaulizwa nini. Niliacha wazi. Nikapangwa D.

Katika A walikuwepo watoto wengi wa wafanyakazi wa mjini, ambao nyumbani kwao kulikuwa na magazeti na redio ya Kiingereza. Sina ubaya nao. Wengine ni rafiki zangu hadi leo. Lakini mwalimu wa hisabati mwenye shahada aliingia A na B. D tulipewa aliyepatikana, na vipindi vingi hakupatikana mtu. A waliingia maabara. Sisi tulichora vyombo vya maabara kutoka ubaoni, tukavipaka kivuli vizuri sana. Kitabu kimoja tulikisoma vichwa sita juu yake, anayekaa upande wa pili akajifunza kusoma maandishi yaliyopinduka. Mwisho wa muhula matokeo yalionyesha kwamba A wana akili na D hawana, na jambo hilo likabandikwa ukutani.

Aliyeniokoa ni mwalimu wa kike aliyekuwa kwenye mafunzo kwa vitendo. Jioni baada ya chakula alikuwa anakaa na baadhi yetu wa D kwenye ngazi za bwalo, anatusomea hadithi za Kiingereza, anasimama, anauliza kwa Kiswahili tumeelewa nini, anaendelea. Hakutulipisha. Kidato cha pili nikahamishiwa B, kisha A. Nilipokaa kwenye lile dawati la A kwa mara ya kwanza, mwalimu wa fizikia aliandika ubaoni mambo ambayo D hatukuwahi kuandikiwa, si kwa sababu ni magumu, bali kwa sababu hatukutarajiwa kuyahitaji. Kichwa changu kilikuwa kilekile cha mwaka uliopita. Kilichoongezeka ni lugha, kitabu na mwalimu. Wenzangu wa D ambao hawakukaa kwenye zile ngazi walimaliza kidato cha nne wakiwa D, na wengi wao hadi leo wanaamini jaribio lile liliona kitu ndani yao.

Chuoni ndipo nilipopata kujua jaribio kama lile lilitoka wapi. Mkufunzi wetu wa saikolojia ya elimu alikuwa mzee mpole aliyependa historia. Alitueleza habari za Alfred Binet, ambaye mwaka 1905, pamoja na Théodore Simon, alitunga kule Paris jaribio la kwanza la kupima akili lililoenea duniani. Serikali ya Ufaransa ilitaka njia ya kuwatambua watoto wanaohitaji msaada zaidi shuleni. Binet alisisitiza kwamba alama zile zinaonyesha hali ya mtoto leo, na kwamba mtoto akifundishwa vizuri anapanda. Alikufa mwaka 1911. Wengine wakalichukua jaribio lake na kuacha onyo lake. Lewis Terman wa Stanford akalitengeneza upya mwaka 1916 na kulieneza Marekani. Mwaka uliofuata jeshi la Marekani, lilipoingia vitani, likaanza kuwapima askari wapya, jumla yao wakafika kama milioni 1.7, na matokeo hayo yakatumika kudai kwamba watu wa mataifa fulani wana akili ndogo kwa kuzaliwa. Carl Brigham aliandika kitabu cha kutetea dai hilo mwaka 1923. Mwaka 1930 akalikana hadharani. Ila kukana hakukupata wasomaji wengi kama kudai.

Siku moja mkufunzi alileta picha alizozichora kwa mkono, kufuatisha zile walizopewa askari wasiojua kusoma. Kila picha ina kitu kimepungua, nawe utaje ni kipi. Moja ilikuwa uwanja wa tenisi usio na wavu. Nyingine santuri ya kizamani isiyo na bomba lake la kutolea sauti. Ya tatu, mtu amenyoosha mkono kwenye mchezo wa kuviringisha mpira, mkononi hana mpira. Darasa zima la walimu watarajiwa, watu wazima, tukashindwa ile ya tatu. Mkufunzi hakucheka. Alisema, "Kwa kipimo hiki, ninyi nyote ni taahira. Mkifika shuleni mkumbuke mlivyojisikia leo."

Afrika Mashariki haikupona. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani, mtafiti R. A. C. Oliver alifika Kenya akatunga jaribio la akili kwa ajili ya Waafrika. Miaka hiyohiyo daktari H. L. Gordon, wa hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari, Nairobi, alikuwa anatangaza kwamba ubongo wa Mwafrika ni duni kwa maumbile. Oliver mwenyewe alikuwa mwangalifu zaidi, alionya kwamba watu waliokulia katika mazingira tofauti hawalinganishiki kirahisi. Lakini koloni lililokuwa na sababu ya kutojenga shule lilifurahia zaidi sauti ya Gordon. Ukishasema mtu hana kichwa, hudaiwi darasa.

Nilianza kazi, nikafundisha shule kadhaa za Arusha, za serikali na za binafsi. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulioanza mwaka 2004 ulileta shule za kata, na kwa mara ya kwanza watoto wa Unga Limited na wa Ngaramtoni waliokuwa wakiishia darasa la saba wakaingia sekondari kwa wingi. Nilifundisha katika moja ya shule hizo. Wenye alama za juu kabisa walikuwa wamekwenda shule za vipaji maalumu, Ilboru hapo juu yetu, Kibaha, Mzumbe, Kilakala, Msalato na wenzake. Wenye wazazi wenye uwezo walikwenda binafsi. Sisi tulipokea waliobaki, walimu wachache, maabara hakuna. Kisha kila mwaka orodha ya kumi bora ikasomwa redioni, na shule yetu ikaulizwa kwa nini haimo.

Shule hiyo nayo ilikuwa na mikondo yake. Katika wa mwisho alikuwepo msichana kutoka Maji ya Chai. Kwenye mazoezi ya kuzungumza Kiingereza hakufungua mdomo, na kwenye kitabu cha alama mwenzangu alimwandikia kuwa ni mzito. Nilipochukua kipindi kile nikaona kwamba kila akitaka kusema anainua mkono wa sweta na kuziba kinywa. Watu wa huku wanajua maana yake. Maji yanayotoka kwenye miamba ya volkano ya Meru yana floraidi nyingi, na meno ya watoto wanaoyanywa yanakuwa ya kahawia. Pale Ngurdoto kuna kituo kilichofanya kazi miaka mingi ya kuchuja maji hayo kwa mkaa wa mifupa. Msichana yule alikuwa na meno ya kwao, na watoto wa mjini walimcheka. Nilimwambia asiseme, aandike. Akaniandikia kurasa mbili kuhusu kubeba maji usiku, kwa Kiingereza chenye makosa madogo madogo na mawazo yaliyopangika kuliko ya yeyote kwenye mkondo wa kwanza. Nilizipeleka ofisi ya taaluma. Walizisoma, wakasifu, wakasema upangaji wa mwaka huo umeshafungwa.

Halafu ukaja Februari 2013. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalitangazwa, na kati ya watahiniwa karibu 397,000, zaidi ya 240,000 walipata sifuri. Nakumbuka ukimya wa ofisi ya walimu na kijana mmoja aliyekaa nje ya ofisi mpaka jioni, anaogopa kwenda nyumbani Kaloleni. Nchi nzima iliongea juu ya kizazi kisicho na akili, kizazi cha simu. Serikali ikaunda tume, matokeo yakafutwa, yakapangwa upya kwa utaratibu wa mwaka uliotangulia. Mei yakatangazwa tena, na maelfu ya waliopata sifuri wakawa wamefaulu, bila hata mmoja wao kurudi kwenye chumba cha mtihani. Kijana wa Kaloleni alikuwa mmojawao. Miezi mitatu alikuwa ameitwa kilaza na jamaa zake; kisha, kwa karatasi ileile, majibu yaleyale, akawa mtu wa kupongezwa. Nikitaka kumweleza mtu mpaka wa kufaulu unawekwa na nani, namsimulia habari hiyo.

Baadaye nilifundisha pia shule ya binafsi ambayo sitaitaja. Ilikuwa na wastani wake wa ndani. Asiyeufikia alikaririshwa, au mzazi aliitwa na kushauriwa, kwa lugha tamu, amhamishe kabla ya kidato cha nne. Serikali imeshakemea mchujo wa namna hiyo. Sababu yake kila mtu aliijua: nafasi kwenye orodha. Kwa hiyo Januari 2023, Baraza la Mitihani, NECTA, lilipotangaza kwamba halitataja tena shule bora na wanafunzi bora, nilishukuru. Orodha zile zilipima zaidi nani amechaguliwa kuingia shule gani, kuliko kile shule ilichomfanyia baada ya kuingia. Wapo waliolalamika kwamba ushindani umeuawa. Mimi nilikumbuka wazazi niliowaona wakitoka ofisini na faili la mtoto kwapani.

Upo utafiti mmoja wa nyumbani ambao ningependa kila mwalimu aujue. Ulifanyika Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 2002, na miongoni mwa waliouendesha ni Robert Sternberg na Elena Grigorenko. Mamia ya watoto wa shule za msingi walipewa majaribio ya kufikiri: kupanga vitu kwa makundi, kufumbua mafumbo ya nani mrefu kuliko nani, kugundua kitu kwa kuuliza maswali. Kisha baadhi yao wakafundishwa kwa muda mfupi, chini ya saa moja, namna ya kuliendea tatizo la aina ile. Walipopimwa tena walipanda, na mpangilio wao ukavurugika. Walioongoza mwanzo si lazima ndio walioongoza mwisho. Somo la chini ya saa moja! Sisi tunampanga mtoto kwa miaka minne kutokana na asubuhi moja. Na Zambia, Robert Serpell alilinganisha watoto wa huko na wa Uingereza katika kuiga maumbo: kwa karatasi na penseli Waingereza waliongoza, kwa kukunja waya Wazambia waliongoza, kwa udongo wa mfinyanzi wakalingana. Nimewaona watoto wa Ngarenaro wakitengeneza magari ya waya yenye usukani unaokata kona. Hakuna karatasi ya mtihani niliyowahi kusimamia iliyowauliza hilo.

Ndiyo maana hii mikondo mipya ya jumla na amali inanigusa. Naiunga mkono amali. Nchi inahitaji mafundi, wakulima waliosoma, wapishi, watu wa umeme, na Arusha yenye watalii, mashamba ya maua na karakana kila mtaa inawahitaji kuliko wengi. Lakini Uingereza ilishapita njia hii. Sheria yao ya elimu ya mwaka 1944 ilifuatiwa na mtihani wa miaka 11 uliowagawa watoto: wachache shule za kitaaluma, walio wengi shule za kawaida, na za ufundi ambazo hazikujengwa za kutosha. Aliyetoa nguvu kubwa ya kisomi kwa imani kwamba akili hurithiwa na hupimika mapema alikuwa Cyril Burt, ambaye takwimu zake za mapacha, baada ya kifo chake mwaka 1971, zilikutwa na kasoro kubwa mno. Nafasi za shule za kitaaluma zilitofautiana sana kutoka wilaya hadi wilaya, na alama za wasichana zilirekebishwa kwenda chini kwa kuwa walikuwa wanafaulu kupita wavulana. Ni hesabu ya viti, kama ya kwetu. Waliopelekwa shule za kawaida walipewa fedha kidogo na matarajio kidogo, na kuanzia mwaka 1965 serikali yao ilitaka mfumo huo uondolewe.

Kwetu hofu yangu ni kwamba zamani tulikuwa na kisingizio. Viti vilikuwa vichache kweli. Lazima mtu achaguliwe na mwingine aachwe. Sasa sera inasema kila mtoto ana kiti mpaka kidato cha nne. Tukiendelea kuwapanga kwa majaribio yaleyale, na kuifanya amali kuwa mahali pa kuwaweka walioshindwa kuandika Kiingereza, tutakuwa tumebaki na mchujo ambao hata uhaba hauuhitaji.

Kwa hiyo, ndugu mzazi na mjumbe wa bodi ya shule, mkikaa kikao mwaka huu au ujao, ulizeni mambo ambayo mimi na baba yule fundi tuliondoka bila kujibiwa. Mtoto anayepelekwa amali alichagua mwenyewe, au alama zilimchagulia? Mwalimu wake ameisomea kazi hiyo? Karakana ina vifaa, au watoto watachora nyundo kutoka ubaoni? Na akigundua kidato cha pili kwamba anataka jumla, au wa jumla akitaka amali, njia ya kuhama ipo na imeandikwa wapi? Shule isiyoweza kujibu maswali hayo isipewe ruhusa ya kumpanga mtoto yeyote.